Moyo Mmoja, Maradhi Mawili



Juma hili tumeliweka kando somo la malezi tulilokuwa tukiliendeleza, tupate kuzungumza juu ya jambo lililoigusa nyumba yetu wenyewe. Tunaliandika kwa idhini ya mwenyewe, naye ni dada yetu wa tumbo moja, aliyetutaka tulieleze lote, pamoja na kosa letu sisi, ili mama mwengine asije akakawia kama alivyokaweshwa yeye.

Dada yetu ameolewa Suneka, huko Kisii, mwaka wa thelathini sasa. Wengi wenu hamjafika huko. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Rongo na Migori, wenye soko lake na uwanja mdogo wa ndege, umezungukwa na migomba, miwa na vilima. Waislamu wa upande huo ni wachache, na nyumba zao zajuana kama watu wa mtaa mmoja. Shemeji yetu ni Mgusii aliyesilimu ujanani mwake. Dada ana duka la nguo sokoni, na kutoka nyumbani hadi dukani kuna mwinuko anaoupanda kila asubuhi.

Mwezi wa Rajabu wa mwaka jana alitupigia simu. Alisema, "Kaka, nikipanda kile kilima kifua kinanibana, mpaka nisimame kwenye mti wa mparachichi nipumzike. Na jambo la pili silielewi. Nikiinuka kutoka kwenye sijida, dunia inazimika machoni, na pumzi inanikata. Nikilala kidogo, yanapita." Umri wake ni miaka 58, na sukari anaishi nayo tangu alipomzaa kitinda mimba wake.

Je, tulimjibu nini? Tulimwambia asubiri, asome nyiradi zake, anywe asali na habbasoda, na sisi tutamsomea dua. Kila Ijumaa tukamsomea. Kunako zahanati moja aliyokwenda akapewa dawa za vidonda vya tumbo, na alipolalamika juu ya pumzi akapewa bomba la pumu. Jirani mmoja alinong'ona kuwa kuanguka kwenye sijida ni dalili ya jini, nasi, Mola atusamehe, hatukumkanusha jirani huyo kwa nguvu ilivyopasa. Miezi ikapita hivyo. Mwezi wa Safar, asubuhi moja akimimina chai, mkono wake wa kulia ulilegea, birika likaanguka, na ulimi ukawa mzito. Ndipo alipopelekwa hospitali kubwa.

Daktari kijana aliyempokea hakuanza kwa mashine. Alianza kwa swali: "Mama, ni wakati gani hasa unapozimia?" Dada akamweleza habari ya sijida. Daktari yule, ambaye hata si Muislamu, akamwomba amwonyeshe namna anavyoinama na anavyoinuka. Akaweka chombo chake kifuani, akasikiliza amekaa, akasikiliza amelala, kisha akaagiza picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ile ambayo wauguzi huiita eko. Ni kipimo kisicho na sindano wala maumivu, mfano wa kile wanachopimwa wajawazito. Katika picha ile likaonekana donge likining'inia ndani ya moyo, likicheza kila moyo ulipopiga.

Hebu tueleze kwa utulivu donge hilo ni kitu gani.

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, na kati ya chumba na chumba mna milango ya nyama laini iitwayo vali. Mara chache sana huota ndani ya moyo uvimbe ulioanzia humo humo. Kwa kila uvimbe wa namna hiyo vinne, kama vitatu si saratani. Uvimbe wa saratani uliosafiri kutoka kiungo chengine ukafika moyoni ni jambo la kawaida zaidi kuliko uvimbe uliozaliwa moyoni. Katika zile zisizo saratani, inayojulikana zaidi kwa watu wazima ni miksoma. Ni laini kama nyama ya dafu changa, na yaweza kukua hata ikafikia ukubwa wa yai au zaidi. Aghalabu huota katika chumba cha juu cha kushoto, imeshikamana na ukuta wa kati kwa kikonyo. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na umri wake mkubwa ni baina ya miaka 30 na 60.

Fikirini mashua iliyofungwa gatini kwa kamba. Maji yakija huku, inakwenda huku, yakirudi, inarudi. Ndivyo linavyokwenda donge lile na mkondo wa damu. Mtu akibadilisha mkao, laweza kuangukia mlangoni likauziba, damu isipite, naye akaona kizunguzungu, akakatikiwa na pumzi, au akazimia. Akibadilisha mkao tena, mlango unafunguka. Kwa hiyo sijida haikumdhuru dada yetu, wala hapakuwa na jini. Sijida ndiyo iliyotoa ushahidi, na sisi wasomi wa dini ndio tulioshindwa kuusoma.

Donge hilo lina madhara mengine mawili. La kwanza, kwa kuwa ni laini, vipande vyake, au damu iliyoganda juu yake, huweza kumeguka na kuchukuliwa na damu hadi kwenye ubongo, na huo ndio ule mkono uliolegea. La pili, huweza kumletea mtu homa za mara kwa mara, maumivu ya viungo na kukonda, hata akatibiwa malaria mwaka mzima bila ya kuwa na malaria. Tena katika nchi zetu ugonjwa wa vali uletwao na homa ya baridi yabisi uko kwa wingi, na dalili zake na za miksoma zafanana mno. Bila ya kupiga picha, hata tabibu hodari aweza kuchukua huu akauita ule.

Uko na uvimbe mwengine mdogo uitwao fibroelastoma, uotao juu ya vali zenyewe, zaidi kwa watu waliofikia umri wa utu uzima. Ninyi wa pwani mtaufahamu upesi. Ukitiwa majini hufunguka nyuzi nyuzi, kama vile viumbe laini vya miambani ambavyo maji yakijaa hunyoosha nyuzi zao na yakitoka hujikunja. Nao si saratani, lakini waweza kurusha vipande na kuleta kiharusi. Na kwa watoto wachanga uko wa aina yake, uitwao rabdomioma, ambao mara nyingi husinyaa wenyewe mtoto anapokua. Basi mama akiambiwa mwanawe ana uvimbe moyoni asikate tamaa kabla hajaelezwa ni uvimbe gani.

Sasa turudi kwenye lile alilolisema dada yetu kwanza, tukalisahau sote: kifua kumbana apandapo kilima.

Donge lile halikueleza vyema maumivu hayo. Madaktari wa Nairobi alikohamishiwa walisema kuwa mtu aliyepita umri wa miaka 40, khasa akiwa na sukari, hapasuliwi donge la moyo mpaka kwanza itazamwe mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Kipimo chake huitwa angiografia: mrija mwembamba sana hupitishwa kwenye mshipa wa mkono au wa paja mpaka moyoni, ikatiwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, na mishipa ikatazamwa mmoja mmoja. Huko ikaonekana kuwa mishipa miwili imezibwa na mafuta, mmoja karibu wote.

Hapa panatupasa kusimama kidogo, kwani wengi hudhani moyo, kwa vile umejaa damu, hujinywea damu hiyo hiyo iliyomo ndani yake. Sivyo. Moyo una mishipa yake mahususi iuzungukayo nje na kuingia ndani ya nyama yake, ndiyo iitwayo mishipa ya korona. Aliyelisema jambo hili mapema ni mtu wa kwetu kwa maana ya elimu, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham mwaka 1213, aliyefariki Kairo mwaka 1288. Alikuwa tabibu, na alikuwa pia fakihi wa madhehebu ya Shafi, madhehebu yetu hapa pwani. Katika sharhi yake juu ya elimu ya viungo ya Ibn Sina, aliyoiandika mwaka 1242, alieleza namna damu inavyopita mapafuni kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto, na akasema kuwa chakula cha moyo huja kwa mishipa iliyoenea ndani ya mwili wake. Kitabu hicho kilikaa maktabani karne nyingi bila ya watu kukizingatia, mpaka tabibu mmoja wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipokizindua mwaka 1924 katika utafiti wake huko Ujerumani. Tunamtaja ili ijulikane kuwa fakihi kuijua tiba si jambo geni katika dini yetu. Jambo geni ni fakihi kuzuia watu wasiende kwa tabibu, ilhali Mtume wetu (s.a.w.) aliwahimiza masahaba wake watafute dawa, na akatufahamisha kuwa kila maradhi Mola ameyateremshia tiba.

Je, maradhi haya mawili yanahusiana? Aghalabu yanakutana kwa sababu ya umri tu. Mishipa huziba kwa sukari, presha, sigara, lehemu nyingi katika damu na urithi wa ukoo; wala donge halileti mafuta mishipani, wala mafuta hayaotеshi donge. Lakini yakikutana, kila moja humficha mwenzake. Pumzi ikikata, mtu husema ni mishipa. Kifua kikibana, husema ni donge. Na mara chache kipande cha donge huingia katika mshipa wa korona wenyewe kikaleta mshtuko wa moyo kwa mtu ambaye mishipa yake haina kasoro. Ndiyo maana tabibu mwangalifu haridhiki na jibu la kwanza alipatalo.

Faida iliyomo katika kuyajua yote mawili kabla ya kisu ni kubwa. Kifua hufunguliwa mara moja, na kazi mbili zikafanywa: donge likatolewa pamoja na sehemu ya ukuta lilipoota kikonyo chake, ili lisirudi, na mshipa uliotolewa mguuni au kifuani mwa mgonjwa mwenyewe ukaunganishwa ili damu ipite pembeni ya pale palipoziba. Lau lingetolewa donge peke yake, moyo wenye njaa ungeweza kushindwa kuustahamili upasuaji, au mgonjwa angelazimika kufunguliwa mara ya pili.

Kikao cha kuamua kilifanyika Suneka, sebuleni kwa shemeji, nasi tulisafiri kwa basi usiku kucha kukihudhuria. Wapwa zetu walikuwa na hofu. Mkubwa wao alituuliza, "Mjomba, wanasema moyo utasimamishwa. Moyo ukisimama, mama si atakuwa amekufa?" Tukamjibu kwa kadiri tulivyoelezwa: moyo husimamishwa kwa dawa, na mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu, damu ikaendelea kuzunguka na ubongo ukaendelea kupata hewa. Huko si kufa. Ni sawa na mashua kutiwa nanga ili ifanyiwe kazi. Tena si jambo la jana. Donge la namna hii lilitolewa kwa mara ya kwanza kwa mafanikio, kwa msaada wa mashine hiyo, na daktari Clarence Crafoord huko Stockholm mwaka 1954, na mgonjwa wake alikuwa mwanamke.

Binti yake akauliza juu ya sitara, kuwa wapasuaji ni wanaume. Tukamwambia kuwa akipatikana mwanamke aliye hodari wa kazi hiyo ni bora, na asipopatikana, haja ya tiba inahalalisha kutazama kile kinachohitajika kutazamwa. Shemeji naye alikuwa amesikia kwamba dawa izuiayo damu kuganda, itumiwayo katika mashine hiyo, aghalabu hutengenezwa kutokana na nguruwe. Alisikia kweli, na swali lake ni la mtu mwenye kuijali dini yake. Tulimjibu kwa kanuni wanayoijua wanafunzi wote wa fiqhi, kuwa dharura huruhusu kilichokatazwa kwa kadiri ya dharura yenyewe, na kuokoa nafsi ni katika dharura zilizo wazi kabisa. Mwenye tiba nyengine iliyo sawa aichukue hiyo. Asiyekuwa nayo asife kwa kuogopa dawa.

Lakini aliyekifunga kikao hakuwa sisi. Alikuwa baba mdogo wa shemeji, mzee wa makamo ya miaka themanini, si Muislamu. Alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hapa kwetu Gusii tulikuwa na ababari. Walikuwa wakifungua kichwa cha mtu aliyeumia, wakitoa mfupa uliovunjika, na mtu akiishi. Wazee wetu walifungua kichwa. Ninyi mnaogopa kifua?" Na ni kweli, upasuaji wa kichwa wa Wagusii ni jambo lililoandikwa na kushuhudiwa na wageni wengi. Dada yetu, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, akasema kwa ulimi ule mzito, "Nipelekeni. Lakini mkanipe kwanza nafasi ya kuwataka radhi watu wa soko." Sote tukainama.

Upasuaji ulichukua saa nyingi. Mola akaujaalia kheri. Donge lilipochunguzwa maabarani likathibitishwa kuwa miksoma, si saratani. Leo kilima kile anakipanda, na mti wa mparachichi anaupita bila ya kusimama. Mkono wa kulia haujarudi kamili. Kijiko anakishika, sindano ya kushonea bado. Anasali amekaa kitini, na huinamisha kichwa tu mahali pa sijida. Hakutulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Ile miezi tuliyomwambia asubiri ndiyo iliyomnyima mkono wake.

Basi tuna haya ya kuwausia, wake kwa waume.

Kwanza, dalili izukayo kwa mkao fulani, iwe ni katika sijida, katika kuinama kufua au katika kulala ubavu mmoja, mwelezeni daktari kwa maneno hayo hayo. Msiseme tu "ninasikia kizunguzungu." Semeni lini, mkiwa vipi, na kinaondoka vipi.

Pili, kifua kinachobana kwa mwendo na kuachia kwa mapumziko si vidonda vya tumbo mpaka moyo upimwe. Kwa wanawake, na khasa wenye sukari, mshipa ulioziba waweza kuja bila ya maumivu makali, ukaja kama uchovu, kichefuchefu au pumzi fupi. Enyi waume, mkeo akikwambia amechoka kwa namna asiyoijua, usimwambie ni uzee. Na uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, safari ni ya hospitali saa ile ile, hata dalili ikiondoka yenyewe.

Tatu, jueni mlango wa kugonga. Anzeni na hospitali ya rufaa ya kaunti, muulizie eko. Kwa watu wa Kisii na Nyamira, hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet hufanya upasuaji wa moyo, na haiko mbali nao. Nairobi ziko hospitali kadhaa. Ndugu zetu wa Tanzania wanayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili tangu mwaka 2015, na wa Uganda wana taasisi yao ya moyo Mulago. Mambo haya yana gharama. Hapa Kenya, tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ya zamani imepokewa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Jiandikisheni mkiwa wazima, mlipe michango, na muulize mapema nini kinalipiwa na nini hakilipiwi. Vyama vya kufa na kuzikana tunavyo kila mtaa. Twaona ni aibu kuwa tuna mfuko wa sanda na hatuna mfuko wa eko.

Nne, aliyetolewa miksoma asiache kurudi kupimwa, kwani mara chache huota tena. Na ikiwa katika ukoo wameonekana wawili wenye maradhi hayo, au mgonjwa ni kijana, au ana madoa meusi yasiyo ya kawaida midomoni na machoni, daktari aambiwe, maana iko aina ya kurithiwa, na ndugu hupaswa kupimwa.

Tano, tunajiusia sisi wenyewe, maimamu, masheikh na waalimu wa madrasa. Mgonjwa akitujia, tumsomee, kwani Qur'ani ni shifaa. Kisha tumuulize swali la pili: "Umekwenda hospitali lini?" Asipokuwa na jibu, tumshike mkono twende naye. Tumezowea kuwafunza watu habari ya lile pande la nyama ambalo likitengenea mwili wote hutengenea, nasi tukilieleza kwa maana ya nia na uchamungu, na ndiyo maana yake iliyokusudiwa. Lakini pande hilo ni nyama vilevile, tena ni amana, na mwenye amana huulizwa.

Ijumaa iliyopita dada alitupigia tena. Alikuwa ametoka dukani. "Kaka," alisema, "leo mama mmoja jirani yangu sokoni ameniambia akipanda ngazi kifua kinambana. Nimefunga duka, nimempeleka mwenyewe." Tulimwombea dua, na safari hii hatukuwa na la kuongeza.